Moshi Wake, Kifua Chako: Wasomaji Wauliza, Wanasheria Wajibu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mimi sivuti sigara, ila navutishwa ya wenzangu, je, sheria inanisaidiaje? Tumechagua tano. Kabla ya kuzijibu, kuna neno linalozihusu zote. Wengi wenu mnamkabili mvutaji mwenyewe. Mnagombana, anaondoka zake, na kesho anakaa mwingine kwenye kiti kilekile. Mtu wa kumwandikia ni mwenye mahali: mwajiri, mwenye baa, mwenye jengo, mwenye gari. Huyo ana leseni, ana anwani na hatoweki.

Hamjambo. Mimi ni mhudumu wa kike katika klabu mjini Mombasa, mwaka wa tatu sasa. Sehemu ya wavutaji imetengwa kwa pazia la plastiki, na mimi ndiye ninayepeleka vinywaji huko. Nina pumu. Meneja anasema kuna feni kubwa inayotoa moshi, na asiyeitaka kazi aseme. Nikienda kortini nitashinda?
*Mhudumu, Mombasa*

Dada yetu, pazia si ukuta. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya 2007 inakataza kuvuta ndani ya sehemu za kazi na katika maeneo ya umma, baa na hoteli zikiwemo. Anayevuta pasiporuhusiwa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria hiyo inakubali sehemu maalumu ya kuvutia, lakini si sehemu yoyote tu. Lazima izibwe kwa kizuizi kigumu kuanzia sakafuni hadi darini, na iwe na njia yake ya hewa isiyochanganyika na hewa ya jengo. Pazia linalofunguliwa kila unapopita na sinia halikidhi hata sharti la kwanza. Hapo ndipo penye nguvu ya malalamiko yako, na wala huhitaji kuthibitisha kwamba umeumwa.

Kuhusu feni, mwambie meneja kwamba hoja hiyo ilikufa zamani. Chembe za moshi wa sigara ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata maikromita moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa hiyo hazianguki chini. Zinaelea kwa saa nyingi na kwenda popote hewa inapokwenda. Feni inazisambaza tu. Chama cha wahandisi wa mifumo ya hewa cha Marekani, ASHRAE, ambacho wanachama wake wanaishi kwa kuuza mitambo hiyo, kilitamka mwaka 2005 kwamba njia pekee ya kuiondoa hatari ni watu kutovuta ndani ya jengo. Mwongozo wa Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa 2007, unasema hivyohivyo: hakuna kiasi cha moshi kilicho salama, na vichujio vya hewa si jibu. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2004.

Usianzie kortini. Anza kwa kuweka kumbukumbu, maana malalamiko mengi ya namna hii huanguka kwa kukosa ushahidi na si kwa kukosa sheria. Nunua daftari moja la kazi hiyo tu. Kila zamu andika tarehe, saa ya kuingia na kutoka, umepangiwa upande gani, wavutaji walikuwa wangapi kwa makadirio, feni ilikuwa inafanya kazi au la, na mwili wako ulikuwaje: kukohoa, kifua kubana, macho kuwasha, mara ngapi umetumia dawa ya kupuliza. Andika usiku uleule. Daftari lililojazwa lote kwa kalamu moja na kwa mkupuo mmoja wakili wa upande wa pili atalitambua mara moja.

Kwa kuwa una pumu, kuna kipimo kitakachokusaidia kuliko picha mia. Omba kliniki au nunua kwenye duka la dawa kile kibomba cha plastiki chenye mshale kinachopima nguvu ya pumzi. Simama wima, vuta pumzi hadi mwisho, puliza mara moja kwa nguvu zako zote. Rudia mara tatu, kisha andika namba kubwa kuliko zote, si wastani. Fanya hivyo mara nne kwa siku: ukiamka, kabla ya zamu, ukitoka kazini na kabla ya kulala, na kila mara kabla ya kutumia dawa ya kupuliza. Endelea kwa wiki nne, siku za mapumziko zikiwemo, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kupima siku za kazi peke yake. Daktari anatafuta tofauti. Namba zikishuka kwa asilimia 20 au zaidi siku za kazi na kupanda tena ukiwa mapumzikoni, ana kitu cha kuandika.

Ukienda kwa daktari, hakikisha faili linataja kazi yako. Tumeona vyeti vingi vilivyoandikwa “pumu” na basi. Cheti cha hivyo kinamsaidia mwajiri, kwa sababu atasema ulizaliwa nayo. Mweleze daktari unafanya kazi wapi, saa ngapi kwa siku, na moshi ukoje, kisha umwombe aandike maelezo hayo pamoja na maoni yake. Pia kuna kipimo cha kotinini, kitu ambacho mwili hutengeneza kutokana na nikotini, kinachofanywa kwa mkojo, damu au mate. Katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa 16 hadi 20, kwa hiyo sampuli itolewe mwisho wa siku za kazi mfululizo, si Jumatatu baada ya likizo. Kama kuna mtu anayevuta nyumbani kwako, kipimo hicho hakitakufaa, maana hakionyeshi nikotini imetoka wapi.

Picha na video piga, lakini ziwe za mahali: pazia, visahani vya majivu mezani, ukuta usio na tangazo, feni. Sura za wateja ziache, na usirushe chochote mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Usiifute picha ya asili kwenye simu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inahusu rekodi za kielektroniki, na korti hutaka ziambatane na cheti kinachoeleza ni kifaa gani kilichotumika, rekodi ilipatikanaje, na kimetiwa sahihi na anayehusika na kifaa hicho. Picha nzuri hukataliwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Sasa andika barua kwa mwajiri. Ukurasa mmoja unatosha. Taja Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 na wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, eleza kasoro (pazia, mlango usiofungwa), eleza hali yako ya afya, kisha dai mambo mawili yanayowezekana: usipangiwe upande wa wavutaji kuanzia sasa, na sehemu hiyo irekebishwe au ifungwe katika siku 14. Peleka nakala mbili na upigiwe mhuri kwenye yako. Wakikataa kupiga mhuri, itume kwa barua pepe au kwa posta ya rejista na utunze risiti. Kama wenzako wako tayari kutia sahihi, ni afadhali zaidi, kwani mtu mmoja huitwa mkorofi, watano ni malalamiko ya kazi.

Siku hizo zikipita bila jibu, zipo ofisi mbili. Ya kwanza ni ya afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, mwenye mamlaka ya kuingia, kukagua na kufungua mashtaka chini ya sheria ya tumbaku. Mwambie saa na siku ambazo moshi ni mwingi, la sivyo atakuja saa nne asubuhi akute viti vimepangwa na sakafu imepigwa deki. Ya pili ni Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, inayoweza kumpa mwajiri amri ya maandishi ya kurekebisha.

Kuhusu hofu ya kufukuzwa: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inaliita jambo hilo kwa jina lake. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu amelalamika au anakusudia kumshtaki mwajiri si sababu halali, isipokuwa malalamiko yawe ya ovyo yasiyo na msingi. Ndiyo maana tunasisitiza daftari, daktari na barua kabla ya kelele.

Na fidia? Hapa wengi hupoteza pesa. Ugonjwa uliotokana na kazi hudaiwa kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Mahakama ya Juu iliithibitisha njia hiyo Desemba 2019. Wakili anayekukimbizia kesi ya fidia kortini moja kwa moja anakupeleka kufutiwa kesi na kulipishwa gharama.

Kama mwajiri bado anaona unamwonea, msimulie kisa cha Donna Shimp, karani wa kampuni ya simu ya New Jersey huko Marekani, aliyekuwa akiugua kwa moshi wa wenzake ofisini. Mwaka 1976 aliishtaki kampuni. Ikajulikana kuwa kampuni ilikuwa tayari imepiga marufuku sigara karibu na mitambo yake, kwa kuwa moshi huiharibu. Jaji akasema kampuni inayojali mitambo kiasi hicho haiwezi kushindwa kuwajali watu wake, akaamuru sigara ziondoke eneo la kazi. Tazama kama klabu yenu inakataza kuvuta karibu na mitambo ya muziki.

Habari za kazi. Naishi ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam. Jirani wa ghorofa ya pili anavuta kwenye roshani kuanzia saa moja jioni, na moshi wote unaingia chumba cha mwanangu wa miaka miwili. Nimemwambia kwa upole, akanijibu kwamba yuko kwake. Serikali ya mtaa wamesema hawana la kufanya. Nifanyeje?
*Mama wa mtoto mmoja, Dar es Salaam*

Mama, pole. Mtoto wa umri huo anapumua haraka kuliko mtu mzima na hawezi kuondoka chumbani mwenyewe. Moshi wa sigara unajulikana kuzidisha pumu, maambukizi ya masikio na ya njia ya hewa kwa watoto, kwa hiyo usikubali kuambiwa unadeka.

Tuseme ukweli kwanza: Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya Tanzania ya 2003 ilitungwa kwa ajili ya maeneo ya umma. Roshani ya mtu binafsi haiguswi nayo moja kwa moja, na ndiyo maana serikali ya mtaa wamekupa jibu hilo. Njia zako ni nyingine, na ziko tatu.

Ya kwanza ni karatasi za nyumba. Kama jirani na wewe ni wapangaji wa mwenye nyumba mmoja, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaweka ndani ya kila mkataba wa pango ahadi kwamba mpangaji anayelipa kodi atakaa kwa utulivu bila kusumbuliwa na mwenye nyumba au mtu anayekaa kwa idhini yake. Mwandikie mwenye nyumba, mkumbushe ahadi hiyo, mwombe aweke sharti la kutovuta kwenye roshani mkataba wa jirani utakapohuishwa. Kama kila mmoja amenunua sehemu yake, jengo liko chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, na chama cha wamiliki kinaweza kupitisha kanuni za jengo. Kanuni iliyopitishwa kwenye mkutano ina nguvu kuliko kugonga mlango wa mtu kila jioni. Peleka pendekezo lililoandikwa tayari, la sentensi moja: hakuna kuvuta kwenye roshani, ngazi, lifti na varanda. Watu hupigia kura kitu walichokisoma.

Ya pili ni shauri la kero kwa jirani. Msingi wake ni kwamba mtu ana haki ya kutumia pake, ila si kwa kiwango cha kumzuia mwenzake kutumia pake. Mahakama itauliza mambo matatu: usumbufu ni mkubwa? Unaendelea? Mtu wa kawaida angeuvumilia? Sigara moja siku ya sikukuu haitoshi. Moshi wa kila jioni unaoingia chumba cha mtoto, kwa miezi, na cheti cha daktari juu yake, ni habari nyingine. Hapa unachoomba hasa ni amri ya zuio, yaani mahakama imkataze jirani kuendelea; pesa baadaye. Wakili ataangalia thamani ya madai yako ndipo aseme faili lifunguliwe mahakama gani.

Ya tatu ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinampa haki ya kwenda mahakamani kuidai. Moshi na mahakama za Dar es Salaam si wageni kwa kila mmoja. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, katika shauri la Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji, walilalamikia jalala lililokuwa likichomwa taka karibu na nyumba zao. Jiji lilipoomba muda zaidi wa kuendelea kulitumia, Jaji Lugakingira alikataa, akasema kuchafua mazingira namna hiyo kunahatarisha uhai unaolindwa na Ibara ya 14 ya Katiba. Sigara si jalala, hilo tunalijua, lakini msingi umeshawekwa: moshi unaoingia nyumbani kwa mtu unaweza kuwa suala la uhai wake.

Huku ukisubiri karatasi, ziba njia. Siku ya moshi, washa udi au ubani karibu na dirisha, chini ya mlango, kwenye tundu la bomba la maji na kwenye kitobo cha waya wa kiyoyozi, uangalie moshi wake unasukumwa upande gani. Unaposukumwa ndani ndipo moshi wa sigara unapoingilia. Matundu ya mabomba yazibwe kwa silikoni, mlango uwekewe mpira chini. Usiwashe feni ya kutoa hewa bafuni wakati jirani anavuta: inanyonya hewa ya ndani, na hewa mpya inaingia kupitia roshani ikiwa na moshi wake. Mhamishie mtoto chumba cha upande wa pili kwa muda, na uandike tarehe uliyomhamisha, kwani kupoteza matumizi ya chumba ni hasara inayoweza kuelezwa mahakamani.

Naomba msaada wa haraka. Dereva wa matatu yetu ya kila asubuhi anavuta huku anaendesha, mkono nje ya dirisha. Ukilalamika, kondakta anakushusha.
*Abiria, Thika*

Gari la abiria ni mahali pa umma chini ya sheria ya tumbaku ya Kenya ya 2007, hata dirisha likiwa wazi, na mkono nje hausaidii kitu, kwani upepo huurudisha moshi kwa waliokaa nyuma. Usibishane garini. Andika namba ya gari, jina la sako (ushirika wa wenye matatu) lililo ubavuni, saa, na kituo ulichopandia. Lalamika kwa sako kwanza, kwa maandishi, kwa kuwa ndiyo inayompanga dereva kazini, kisha peleka nakala kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) na kwa polisi wa trafiki. Abiria wawili watatu wa asubuhi hiyohiyo wakituma kila mmoja ujumbe wake, sako haitasema ni chuki ya mtu mmoja.

Nimesoma kwamba Marekani watu walilipwa mamilioni kwa moshi wa sigara za wengine. Baba yangu hakuvuta hata siku moja, alifanya kazi miaka mingi kwenye ofisi iliyojaa moshi, na sasa ana ugonjwa wa moyo. Je, tunaweza kuzishtaki kampuni za sigara?
*Kijana, Eldoret*

Ndugu yetu, mpe mzee pole. Unachosema kina mashiko kitabibu: ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya 2006 ilihitimisha kwamba mtu asiyevuta anayeishi au kufanya kazi kwenye moshi ana hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Lakini takwimu ya kundi si uthibitisho wa mtu mmoja, na hapo ndipo madai ya fidia huwa magumu. Kampuni itauliza kuhusu shinikizo la damu, kisukari, chakula, moshi wa kuni wa utotoni, na ni sigara za nani hasa zilizomdhuru.

Kesi uliyoisoma huenda ni ya wahudumu wa ndege. Norma Broin, mhudumu asiyevuta aliyepata saratani ya mapafu, alifungua kesi Miami mwaka 1991 kwa niaba ya wenzake waliofanya kazi kwenye ndege zilizojaa moshi. Mwaka 1997 kampuni zilikubali kutoa dola milioni 300. Jambo ambalo watu hawalisimulii ni kwamba pesa hizo zilianzisha mfuko wa utafiti, hazikugawiwa wagonjwa. Kila mhudumu aliachiwa njia ya kufungua kesi yake mwenyewe, na wengi walishindwa. Iliyofanikiwa vizuri zaidi kwa mtu mmoja ni ya Marlene Sharp, mhudumu wa baa huko New South Wales, Australia, asiyevuta na aliyepata saratani ya koo. Mwaka 2001 alipewa zaidi ya dola 460,000 za Australia. Angalia aliwashtaki akina nani: waajiri wake, watu waliokuwa na uwezo wa kuuzuia moshi na hawakuuzuia.

Kwa mzee wako, cha kuangalia kwanza ni muda. Madai ya madhara ya mwili Kenya kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na madai ya ajira pia ni miaka mitatu, isipokuwa madhara yanayoendelea, ambayo hudaiwa ndani ya miezi 12 tangu yakome. Kama alistaafu zamani, mlango huo pengine umefungwa, na hatutaki mtumie akiba ya dawa kwa mawakili. Nendeni kwa wakili mara moja tu mkiwa na barua ya ajira, ya kustaafu na faili la hospitali, mpate jibu la muda kabla ya jambo jingine lolote.

Kilicho wazi, tena kwa kila mtu, ni kesi ya kuomba uvutaji uzuiwe. Mahakama Kuu ya Kerala, India, ilipiga marufuku kuvuta hadharani mwaka 1999, na Novemba 2001 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Murli Deora, ikaeneza katazo hilo nchi nzima. Hapa jirani, Uganda, shirika la mazingira la TEAN lilikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2002 Jaji Ntabgoba akaamua kwamba kuvuta mahali pa umma kunavunja haki ya uhai na ya mazingira safi ya wasiovuta. Kanuni zikafuata 2004, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya 2015 sasa inakataza kuvuta hata ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Yote hayo yalianzia kwenye maombi ya watu wasiodai hata senti.

Kwa Kenya njia hiyo ni pana zaidi. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inatoa haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inasema mwombaji halazimiki kuonyesha kwamba mtu yeyote amepata hasara au kuumia. Rudieni kuisoma hiyo. Mzigo uliowaangusha wahudumu wa ndege, wa kuthibitisha kwamba ugonjwa huu umetokana na moshi ule, haupo hapa. Na msiogope ukubwa wa kampuni: Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014 zilipingwa na kampuni ya British American Tobacco kuanzia Mahakama Kuu, Rufaa, hadi Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 rufaa ya mwisho ikatupwa.

Nina mkahawa wa meza kumi na mbili, Nakuru. Sitaki kufungiwa wala kugombana na wateja. Nifanye nini hasa? Na shisha je, maana nasikia korti imeiruhusu?
*Mwenye mkahawa, Nakuru*

Ahsante kwa kuuliza mapema. Kwa meza 12 tunakushauri usijenge sehemu ya kuvutia. Ukuta hadi darini na mfumo wa hewa wa peke yake utakula faida yako, na mfanyakazi wako bado ataingia humo kufagia. Fanya pote pawe bila moshi.

Ondoa visahani vya majivu mezani leo. Kisahani ni mwaliko, na afisa akikikuta ndicho atakachokipiga picha. Weka ndoo ya mchanga nje, mbali na mlango na madirisha, ili anayefika na sigara mkononi aizime huko. Bandika tangazo mlangoni na ndani, kwa Kiswahili na Kiingereza, likitaja kwamba kuvuta hapa ni kosa na adhabu yake ni ipi, kwa herufi zinazosomeka kutoka meza ya mbali zaidi. Tangazo lililofichwa nyuma ya friji ya soda haliwezi kukutetea.

Wafunze wahudumu maneno yaleyale: “Samahani, hapa hatuvuti ndani, nje pana mahali pa kuzimia.” Akikataa, asipewe huduma tena na aletewe bili. Akikataa kuondoka, ita polisi. Mfanyakazi asimnyang'anye mtu sigara wala kumgusa, kwa sababu hapo kosa linahamia kwako. Tukio liandikwe kwenye kitabu: saa, meza, alichoambiwa, alichojibu. Kitabu hicho ndicho kitakachoonyesha kwamba ulitimiza wajibu wako siku mteja mwingine akikulalamikia.

Shisha: katazo lilitangazwa Desemba 2017, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaiagiza wizara irekebishe utaratibu wa kanuni zake. Septemba 2024 hakimu wa Shanzu aliwaachia washtakiwa kwa kuwa hilo halikufanyika. Wengi wameelewa kwamba basi ni ruksa. Uamuzi huo ulihusu kanuni za katazo la shisha, haukuigusa sheria ya tumbaku ya 2007. Shisha yenye tumbaku ni bidhaa ya tumbaku, na moshi wake ndani ya mkahawa una hukumu ileile ya moshi wa sigara. Kikao kimoja cha shisha huchukua dakika nyingi kuliko sigara, na makaa yake yanaongeza hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi humo ndani. Mtu akija kukukodisha bomba na makaa kwa wikendi, mwonyeshe tangazo lililo mlangoni.